Somo la Robo Hii: Aljebra ya Mwanzo na Saa ya Msaada

Wapendwa wanakamati wa parokia na wafadhili wetu,

Katika toleo hili somo letu halihusu visima wala vikundi vya kuweka na kukopa. Linahusu hesabu. Tunajua kwamba baadhi yenu mtatamani kufunua ukurasa unaofuata. Tunawaomba mvumilie, kwa sababu fedha mnayoichanga imo ndani ya somo hili, na wapo vijana tuliowaangusha kwa kutolielewa mapema.

Kama mnavyofahamu, sehemu ya mfuko wetu wa elimu huwasaidia vijana na wazazi wanaozungumza Kiswahili waliopata makazi Marekani. Wengi wao asili yao ni mashariki ya Kongo, na wengine walikulia katika kambi kama ile ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996. Wakifika Marekani huanza na kazi za viwandani, maghalani au usafi. Baada ya muda hujiandikisha katika chuo cha jamii, yaani chuo cha miaka miwili kilicho karibu na nyumbani na chenye ada nafuu. Mtu anaweza kutaka uuguzi, uhasibu au ualimu, lakini karibu kila njia ina mlango wa hisabati. Kwa wengi mlango huo huitwa aljebra.

Kosa letu

Tuanze na kukiri. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukimsaidia binti mmoja ambaye kwa heshima yake hatumtaji jina. Alisoma kambini kwa Kifaransa, kwa kufuata mtaala wa Kongo. Huko Marekani alifanya kazi usiku na kwenda chuoni mchana. Alipofanya mtihani wa kupimwa kiwango, alipangiwa kozi tatu za hisabati, moja baada ya nyingine: kwanza hesabu za msingi, kisha aljebra ya mwanzo, ndipo kozi ya tatu, ambayo ndiyo pekee ingehesabiwa katika cheti chake.

Baada ya mihula miwili tulipokea taarifa yake. Krediti za hisabati: sifuri. Tukakaa kikao, tukaona hakuna maendeleo, tukasitisha msaada. Hakuna aliyeuliza swali la pili. Kumbe alikuwa amefaulu kozi zote mbili. Zilikuwa kozi za matayarisho, na kozi za matayarisho hazihesabiwi katika cheti. Tulimkatia nauli alipokuwa amefika mlangoni.

Alituandikia barua fupi isiyo na lawama, akatushukuru kwa tulichotoa. Barua hiyo imetusumbua kuliko lawama. Ndiyo iliyotufanya tutafute kuelewa jinsi mambo haya yanavyokwenda, na ndiyo sababu ya somo hili.

Foleni ndefu

Kwa miaka mingi vyuo vya jamii vya Marekani viliendesha mambo hivi: mwanafunzi anayeonekana dhaifu katika hisabati haruhusiwi kuanza kozi ya chuo mpaka amalize kozi moja, mbili au hata tatu za matayarisho. Nia ilikuwa njema. Ni kama kumwambia mtu ajifunze kwanza kuogelea kwenye maji ya kina kifupi.

Matokeo hayakuwa mema. Utafiti wa Thomas Bailey na wenzake, uliochapishwa mwaka 2010, uliwafuatilia wanafunzi katika vyuo vingi vya jamii. Kati ya wote waliopangiwa hisabati za matayarisho, ni theluthi moja hivi tu waliomaliza mlolongo mzima wa kozi hizo. Jambo la kushangaza ni hili: walioishia njiani kwa sababu hawakujiandikisha kwa kozi ya kwanza au iliyofuata walikuwa wengi kuliko walioishia kwa kushindwa darasani. Mtoto aliugua, zamu ya kazi ilibadilika, gari liliharibika. Kila pengo kati ya muhula na muhula ni mahali pa mtu kupotelea.

Tufanye hesabu pamoja. Chukua wanafunzi 100. Tuseme katika kila hatua 70 kati ya kila 100 wanafaulu na kuendelea. Hilo si baya kwa darasa lolote. Baada ya hatua ya kwanza wamebaki 70. Baada ya hatua ya pili wamebaki 49. Baada ya hatua ya tatu wamebaki 34. Hakuna mwalimu aliyefanya vibaya na hakuna darasa lililoanguka, lakini theluthi mbili ya watu hawapo. Foleni yenyewe ndiyo iliyowapunguza.

Foleni hiyo ina gharama nyingine. Misaada ya serikali kuu ya Marekani kwa wanafunzi hulipia kozi za matayarisho kwa kiwango kisichozidi krediti 30. Ruzuku iitwayo Pell, kwa wanaostahili, nayo ina kikomo cha mihula 12 katika maisha ya mwanafunzi. Kila muhula wa kungoja unakula akiba ile ile ambayo baadaye ingelipia masomo yenyewe.

Msaada unaokwenda sambamba

Ndipo baadhi ya vyuo vikajaribu njia nyingine. Badala ya kumweka mwanafunzi nje ya mlango mpaka awe tayari, anaingizwa moja kwa moja katika kozi ya chuo, na katika muhula huo huo anapewa saa za ziada za msaada kila wiki. Jumatatu anafundishwa milinganyo pamoja na wenzake wote. Jumanne anakaa katika darasa dogo la msaada, ambako hurudia sehemu, namba hasi na mabano, yale tu yanayohitajika kwa somo la wiki hiyo. Msaada hautangulii kozi, bali unatembea nayo bega kwa bega.

Jimbo la Tennessee lilianzisha utaratibu huu katika vyuo vyake vyote vya jamii mwaka 2015. Kabla ya hapo, kati ya wanafunzi 100 waliohitaji matayarisho ya hisabati, wapatao 12 tu walikuwa wamefaulu kozi ya hisabati ya chuo ndani ya mwaka mmoja. Katika mwaka wa kwanza wa utaratibu mpya walifika takriban nusu. California nayo ilipitisha sheria mwaka 2017, ijulikanayo kama AB 705, inayovitaka vyuo vya jamii kumpanga mwanafunzi mahali ambapo ana nafasi kubwa zaidi ya kumaliza hisabati ya chuo ndani ya mwaka mmoja, na kuzingatia alama zake za sekondari.

Mtu anaweza kusema: huenda wanafunzi wa miaka hiyo walikuwa bora zaidi. Kwa hiyo ni vizuri kutaja jaribio la mwaka 2013 katika vyuo vitatu vya jamii vya Chuo Kikuu cha Jiji la New York. Hapo wanafunzi waliohitaji aljebra ya mwanzo waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilisoma aljebra ya mwanzo peke yake. Waliofaulu walikuwa kama asilimia 39. Kundi la pili lilisoma aljebra hiyo hiyo na kupewa saa za msaada kila wiki. Walifaulu kama asilimia 45. Kundi la tatu liliingizwa moja kwa moja katika takwimu za kiwango cha chuo, pamoja na saa za msaada. Walifaulu kama asilimia 56.

Tusome matokeo hayo kwa makini, maana yanatufundisha mambo mawili. La kwanza, saa ya msaada inasaidia. La pili, si kila mtu anahitaji aljebra ile ile. Anayekwenda uhandisi hawezi kuikwepa, kwa kuwa masomo yote ya mbele yamejengwa juu yake. Lakini kwa fani nyingine chuo hukubali takwimu, na kijana anaweza kuwa anahangaika na mlango ambao si wake.

Ndani ya saa ya msaada

Wafadhili wengine wametuuliza: saa hiyo wanafanya nini hasa? Tutoe mfano. Mwalimu ameandika ubaoni:

3(x − 4) + 5 = 2x + 1

Mwanafunzi anafungua mabano na kuandika 3x − 4 + 5 = 2x + 1. Anaendelea vizuri kabisa na kupata x = 0. Katika darasa kubwa angepewa alama ya kosa na somo lingeendelea. Katika saa ya msaada mwalimu anamwambia, “Rudisha jibu lako mahali pa x.” Upande wa kushoto unatoa hasi 7. Upande wa kulia unatoa 1. Mizani haiko sawa. Mwanafunzi anarudi nyuma mwenyewe na kugundua kwamba 3 ilipaswa kuzidisha vyote viwili vilivyo ndani ya mabano: 3x − 12. Sasa anapata 3x − 7 = 2x + 1, na x = 8. Anajaribu tena: kushoto 17, kulia 17. Safari hii amejua kwamba amepata bila kuambiwa na mtu.

Kwa vijana wetu saa hiyo ina kazi nyingine pia. Makosa yao mengi hayatokani na kutojua. Yanatokana na kuhama.

Aliyesoma kwa mtaala wa Kongo huandika nusu ya saba kama 3,5. Marekani huandika 3.5, na mkato huutumia kutenganisha maelfu. Kijana anayeona 3,500 anaweza kuisoma kama tatu na nusu. Mlinganyo wa mstari ulionyooka, aliyesoma sekondari Tanzania anaujua kama y = mx + c. Mwenzake wa Kongo anaujua kama y = ax + b. Kitabu cha Marekani kinasema y = mx + b. Ni mstari ule ule, lakini asiyeambiwa hudhani ni somo jipya.

Waliopita shule za msingi za Tanzania wanaikumbuka MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Wamarekani wana kifupi chao, ambacho hutaja kuzidisha kabla ya kugawanya. Ukifuata kila kimoja neno kwa neno, 24 ÷ 4 × 2 inakupa 12 kwa MAGAZIJUTO na 3 kwa kifupi cha Wamarekani. Jibu sahihi ni 12, kwa sababu kugawanya na kuzidisha vina cheo kimoja na hufanywa kwa kufuata mpangilio, kutoka kushoto kwenda kulia. Lakini MAGAZIJUTO nayo hupotosha: katika 12 − 5 + 3, anayejumlisha kwanza hupata 4, wakati jibu ni 10. Watu wazima wengi, pamoja na sisi tulioandika somo hili, tulilijua hilo kwa kuchelewa.

Kisha kuna lugha. Swali la Kiingereza linaposema jambo lenye maana ya “tano pungufu ya namba fulani”, mwanafunzi hufuata mpangilio wa maneno na kuandika 5 − x. Kinachotakiwa ni x − 5. Anajua kutoa, ila hajazoea sentensi. Dakika 10 za mwalimu mwenye subira huliondoa tatizo hilo, wakati muhula mzima wa kurudia hesabu za msingi usingeligusa.

Neno aljebra lenyewe limetokana na Kiarabu, al-jabr, lililomo katika jina la kitabu cha al-Khwarizmi aliyeandika Baghdad karibu mwaka 820. Maana yake ni kurudisha au kuunga, na Waarabu walilitumia pia kwa kuunga mfupa uliovunjika. Tunaona ni jina linalofaa kwa saa ya msaada. Palipovunjika panaungwa, na mtu anaendelea na safari yake.

Hesabu ya kamati

Sasa tugeukie fedha yetu. Tuseme kamati ya parokia imetenga dola 600 kwa mwanafunzi mmoja. Kitabu na kikokotoo ni dola 120 mara moja. Nauli ni dola 40 kwa mwezi. Fedha itatosha miezi mingapi? Tuite miezi hiyo n:

120 + 40n = 600
40n = 480
n = 12

Muhula una miezi ya masomo kama minne, kwa hiyo miezi 12 ni mihula mitatu. Kwa binti yetu aliyepangiwa kozi tatu mfululizo, fedha ingeisha siku ile ile anapomaliza kozi ya tatu, iwapo tu hakuanguka, hakuugua na hakuruka muhula hata mmoja. Akiteleza mara moja, kozi inayohesabiwa inabaki bila nauli.

Mwenzake aliyeingia moja kwa moja katika kozi ya chuo yenye saa ya msaada anatumia muhula mmoja: dola 120 na dola 160, jumla dola 280. Zinabaki dola 320. Hata akishindwa na kurudia, bado ana nauli ya miezi minane. Mchango ni ule ule, na bidii ni ile ile. Tofauti ni urefu wa njia.

Ndiyo maana tangu wakati ule tumebadilisha fomu yetu ya taarifa. Zamani tuliuliza: “Amepata krediti ngapi?” Sasa tunauliza kwanza: “Amepangiwa hatua ngapi, na yuko hatua ya ngapi?”

Ukumbi wa parokia jioni moja

Wapo wanaosema parokia haina mwalimu wa hisabati, kwa hiyo haiwezi kusaidia zaidi ya fedha. Tuwasimulie habari ya Uri Treisman. Katika miaka ya 1970, akiwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitaka kujua kwa nini wanafunzi weusi wengi walishindwa hisabati ya juu wakati wenzao wenye asili ya Kichina walifaulu. Aliwafuata hadi walikosomea. Aliona kwamba wale wa kwanza hawakuwa wavivu. Walisoma kwa bidii, lakini walisoma peke yao. Wale wa pili walifanya kazi peke yao kwanza, kisha walikutana, wakalinganisha majibu na kukosoana. Treisman akaanzisha vikundi vya kusoma pamoja, akawapa maswali magumu badala ya marahisi, na matokeo yakabadilika sana.

Kwa hiyo parokia inaweza kutoa kile ambacho chumba cha kulala cha watu watano hakiwezi: meza, taa, intaneti, chai, na jioni moja kwa wiki. Mama mmoja wa jumuiya akiwaangalia watoto wadogo kwa saa mbili, mama mwingine anapata saa mbili za hesabu. Si lazima awepo mtaalamu. Inatosha awepo mtu wa kuuliza, “Umejuaje?”

Tahadhari

Hatutaki kuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Njia hii haimvushi kila mtu. Hata Tennessee takriban nusu hawakufaulu katika mwaka ule wa kwanza. Saa ya msaada ni mzigo kwa anayefanya kazi usiku. Asipopunguziwa zamu au kulipiwa nauli ya siku ya ziada, atakosa kuhudhuria. Aliyekosa shule kwa miaka mingi anaweza kuhitaji kwanza madarasa ya watu wazima, na hilo si aibu. Vyuo navyo havifanani, kwa hiyo ni lazima kuuliza kila mahali.

Aidha, tunawaomba msilitazame neno “msaada” kama doa. Kijana akiwaambia amepewa kozi yenye saa za msaada, msimuonee huruma. Mpongezeni, maana ameshaingia ndani.

Maswali ya kujadili katika kikao

1. Je, tunao wanafunzi tunaowasaidia walio katika kozi za matayarisho? Wamepangiwa hatua ngapi kabla ya kozi inayohesabiwa?
2. Je, tumewahi kumkatia mtu msaada kwa sababu ya taarifa tuliyoisoma nusu? Yuko wapi leo?
3. Kabla ya kujiandikisha, nani atafuatana na mwanafunzi kwa mshauri wa chuo kuuliza: kuna kozi yenye msaada sambamba? Fani yake inadai aljebra, au takwimu zinakubaliwa? Vyeti vyake vya shule vya zamani, kama anavyo, vinaweza kutumika badala ya mtihani?
4. Nauli yetu inalipia siku za darasa tu, au na siku ya msaada pia?
5. Ni jioni ipi ukumbi wetu uko wazi?

Tunamaliza na habari za yule binti. Baada ya sisi kusitisha msaada, alikaa nje kwa mwaka mzima, kisha akarudi kwa fedha zake mwenyewe. Mlolongo wa kozi tatu ulikuwa umefutwa chuoni hapo. Aliingia moja kwa moja kwenye kozi ya chuo yenye saa ya msaada, akapata C. Tulipomwandikia kumwomba radhi, alijibu kwamba hahitaji tena nauli. Aliomba tu tusimfanyie mwingine hivyo.

Kwa niaba yenu tulimuahidi. Tunawaomba mtusaidie kuitimiza ahadi hiyo.